Mashine sita za steshenari na Windows 10 iliyoisha muda: nimsikilize nani?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina steshenari karibu na chuo, Morogoro. Kompyuta ni sita: ThinkPad T450 tatu, HP EliteBook 840 G3 moja, ThinkPad T480 moja na Dell OptiPlex 3020 ya mezani. Zote zina Windows 10. Printa ni HP LaserJet P1102, Epson L3110 na Canon LBP2900. Fundi wangu anasema atazipiga zote Windows 11 "kwa njia zake". Kijana ninayefanya naye kazi anataka tuhamie Linux. Mpwa wangu anayetengeneza matangazo anasema niuze zote ninunue Mac mbili. Wakikutana dukani wanabishana kama Simba na Yanga huku wateja wanasubiri. Nimsikilize nani? Na kwa nini watu wanagombania kitu kama hiki?

Jibu: Salama, dada. Nianze na mashine, maana ndizo zenye tarehe. Mabishano nitayafikia, kwa sababu kila mmoja wa hao watatu ana jambo analolijua vizuri na unaweza kulitumia.

Windows 10 ilitoka Julai 2015, na Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyohiyo iliacha pia Office 2016 na Office 2019. Mashine zako hazitazima kwa sababu hiyo. Zitawaka, Word itafunguka na printa itachapa. Kilichokoma ni masasisho ya usalama ya kila mwezi: tundu likigunduliwa leo ndani ya mfumo, kwako halizibwi. Mtu mwenye laptopu moja ya nyumbani anaweza kuvumilia kwa muda. Wewe kazi yako ni kupokea flashi za watu usiowajua tangu asubuhi hadi jioni, na kwenye mashine hizohizo wanafunzi wanaingiza nywila za barua pepe, za maombi ya mkopo HESLB na za Ajira Portal. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia kwa kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imelitolea kiraka tangu Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wamekiweka. Kwenye Windows 10 ya sasa hata kiraka cha kuweka hakiji.

Ipo njia ya kuvuta muda. Windows 10 toleo la 22H2 inaweza kuandikishwa kwenye masasisho ya nyongeza. Kwa mtu binafsi yanafika 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bure ukikubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Kwa biashara ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei inapanda maradufu kila mwaka hadi miaka mitatu. Duka ni biashara. Dola 61 kwa T450 ya mtumba naona ni fedha iliyopotea, bora iende kwenye SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka.

Sasa Windows 11. Inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, TPM 2.0 (chipu ya usalama), kuwaka kwa UEFI (mtindo mpya wa kuwasha mashine) yenye Secure Boot, RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64. Kizazi unakisoma kwenye jina la prosesa: fungua Settings, System, kisha About, uangalie tarakimu inayofuata kistari. i5-5300U ni kizazi cha tano, i5-6300U cha sita, i5-8350U cha nane. Hapo mashine zako zinagawanyika zenyewe. T450 ni kizazi cha tano, 840 G3 ni cha sita, OptiPlex 3020 ni cha nne. Inayobaki ni T480 peke yake, na hiyo nayo ihakikishe, kwa sababu T480 chache zilitoka kiwandani na prosesa za kizazi cha saba zikiwa na kava lilelile.

"Njia zake" fundi nazifahamu. Anaandaa flashi kwa programu ya Rufus na kuweka alama kwenye kisanduku kinachoruka ukaguzi wa TPM na prosesa. Kwenye mashine zako itakubali, na hakudanganyi akisema itawaka. Masasisho ya kila mwezi huwa yanaingia, ila Microsoft haikuahidi kuyaendeleza kwa mashine isiyo na sifa. Tena lile toleo kubwa la kila mwaka haliletwi lenyewe. Lazima fundi aje tena na flashi, aruke ukaguzi upya, na usipomwita, toleo ulilonalo linaisha muda kama ilivyoisha Windows 10. Kwa mashine tano, hiyo ni safari ya fundi kila mwaka au miwili. Kwenye T450 yenye GB 4 za RAM na diski ya kuzunguka, Windows 11 itakuwa nzito kiasi kwamba mteja ataondoka kabla Word haijafunguka.

Kuna swali moja la kumuuliza fundi kabla hajagusa chochote: leseni inatoka wapi? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `slmgr /xpr`, kisha Enter. Kama jibu linatoa tarehe ya kuisha, na duka lako halijaunganishwa na mtandao wa taasisi yoyote, mashine hiyo ilipigwa kwa kiamsha-leseni bandia cha KMS (njia ya kuamsha Windows iliyokusudiwa taasisi), ambacho uhai wake ni siku 180 na hujihuisha chenyewe kimyakimya. Programu hizo nyingi hutaka Defender, kinga ya virusi ya Windows, izimwe kwanza ndipo ziingie. Mara nyingi haiwashwi tena, na kwenye duka linalopokea flashi za watu huo ni mlango ulioachwa wazi.

T480 yenyewe ipandishe kihalali, ni bure. Bonyeza Windows na R, andika `tpm.msc`, uone kama Specification Version ni 2.0. Kisha andika `msinfo32` uangalie mstari wa BIOS Mode. Ukisoma UEFI, endelea. Ukisoma Legacy, diski imepangwa kwa mtindo wa zamani na inabidi igeuzwe: fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `mbr2gpt /validate /allowFullOS`, na jibu likiwa zuri rudia kwa `mbr2gpt /convert /allowFullOS`. Baada ya hapo ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayotangulia Windows) kwa F1 mashine inapowaka, ubadili kuwaka kuwe UEFI. Wengi husahau hatua hiyo ya mwisho, mashine ikikataa kuwaka wanadhani diski imekufa, kumbe BIOS bado inatafuta mpangilio wa zamani. Kabla ya yote hayo angalia kama BitLocker, kufuli ya Windows ya diski, imewashwa. Kama imewashwa, andika kwenye karatasi ule ufunguo wa tarakimu 48 unaopatikana kwenye akaunti ya Microsoft, maana mabadiliko ya BIOS yanaweza kuufanya mfumo uuombe, na usipokuwa nao faili zote zimekwenda.

Kuhusu Mac, mpwa wako anajua anachosema kwa kazi yake. Kioo cha Mac kinatoa rangi kwa uaminifu, betri inakaa, na tangu Apple ilipoanza kutumia chipu zake yenyewe, M1 ya Novemba 2020, mashine hizo zina kasi bila kelele ya feni. Kampuni moja inatengeneza mwili na mfumo, ndiyo maana vinaelewana. Lakini kazi za duka lako nyingi ni kuchapa, kutoa kopi, kuskani, kujaza fomu za mtandaoni na kurekebisha CV, na hakuna hata moja inayohitaji kioo hicho. RAM ya M1 imeunganishwa ndani kabisa, ukinunua ya GB 8 utakufa nayo GB 8. Na mashine mbili zikichukua nafasi ya sita, wakati wa kufunga maombi ya mkopo utakuwa na foleni hadi barabarani. Mpwa akitaka yake mwenyewe, mpe tahadhari mbili. Asinunue ya Intel kwa kuwa ni rahisi, kwa sababu macOS 26 Tahoe ya mwaka 2025 ndiyo ya mwisho kukubali prosesa za Intel. Na asilipe ya mtumba kabla haijafutwa na kuwashwa mbele yake hadi ifike kwenye dawati: ikiomba akaunti ya mwenyewe wa zamani au ikisema inasimamiwa na kampuni, aiache hapohapo.

Tuje kwa kijana na Linux yake, ambako kuna mengi ya kusema.

Mashine tano zilizobaki zinafaa kwa Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux. Toleo la 22 limejengwa juu ya Ubuntu 24.04, aina nyingine ya Linux, na linahudumiwa hadi 2029. Linataka RAM ya GB 2 kwa uchache, ila usiishi na kiasi hicho. Ukiwa na GB 4 chukua aina ya Xfce, ukiwa na GB 8 chukua Cinnamon, ambayo mtu aliyezoea Windows ataitambua upesi: menyu iko chini kushoto, saa chini kulia. Fedha ya kwanza iende kwenye SSD ya SATA ya inchi 2.5, hata ya GB 240, kwa kila T450 na kwa OptiPlex. Kinachozichosha hizi mashine kuliko kitu chochote ni diski ya kuzunguka. RAM ifuate baadaye, na uangalie aina: T450 inatumia DDR3L, 840 G3 na T480 zinatumia DDR4. Mkato wa kipande ni tofauti, kisilazimishwe.

Na hapa kuna faida ambayo haisemwi vya kutosha. Ukifunga SSD mpya, diski ya zamani yenye Windows na faili zako zote inatoka nzima. Ibandike karatasi yenye jina la mashine, uiweke kabatini. Linux ikikushinda, unairudisha kwa bisibisi na mashine inakuwa ilivyokuwa. Nakushauri hivyo badala ya kuweka mifumo miwili kwenye diski moja, ambako matatizo ni ya kujitakia. Windows huhesabu kwamba saa ya ndani ya mashine ni saa ya hapa, Linux huhesabu kwamba ni saa ya dunia, kwa hiyo kila ukihama kutoka mmoja kwenda mwingine saa yako inakosea kwa masaa matatu kamili. Windows nayo, ikizimwa huku Fast Startup imewashwa, haifungi diski sawasawa, na Linux ikiifungua inakuruhusu kusoma tu bila kuandika.

Kabla ya kufunga chochote, jaribu bila kugusa diski. Faili ya Mint ni karibu GB 3, ipakueni mahali penye Wi-Fi nzuri, si kwa bando la simu. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika `certutil -hashfile` ikifuatiwa na jina la faili na neno `SHA256`, ulinganishe namba ndefu inayotoka na ile iliyoko kwenye tovuti ya Mint. Zikitofautiana hata herufi moja, upakuaji ulikatika na usakinishaji utakwama katikati. Iandike kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus au Etcher. Washa mashine ukigongagonga F12 kwa ThinkPad na Dell, F9 kwa HP, uchague flashi. Mfumo utafunguka kutoka kwenye flashi yenyewe. Sasa jaribu kazi za siku ya kawaida: Wi-Fi, sauti, kuskani, kuchapa kurasa mbili kwa kila printa. Kama unapoanza kusakinisha Mint haioni diski kabisa, ingia BIOS uangalie kama SATA imewekwa RAID. Ibadili iwe AHCI.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa steshenari atalipenda siku ya kwanza: kile kirusi cha shortcut. Mteja anachomeka flashi, folda zake zote zimegeuka njia za mkato, anashika kichwa. Kwenye Windows ukibofya njia ya mkato umeshakiingiza kwenye mashine, na kuanzia hapo kila flashi inayofuata inaambukizwa. Kwenye Mint zile faili za `.lnk` na `.vbs` haziendeshwi zikibofywa, na alama ya kuficha ambayo kirusi kimeiweka kwenye folda halisi haizingatiwi kwenye flashi, kwa hiyo folda ya mteja inaonekana imekaa palepale, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina. Unanakili faili zake kwenye diski, unafuta zile za kirusi, unamrudishia flashi safi. Kwenye Windows kazi hiyohiyo inahitaji `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`, tena baada ya kuhakikisha mashine yenyewe haina kirusi.

Sasa printa. Hapa ndipo mabishano yote ya mtandaoni yanapokutana na karatasi.

P1102 inafanya kazi kwenye Linux kwa kifurushi cha HP kinachoitwa HPLIP, ambacho Mint inakuja nacho. Lakini printa hii ni ya aina inayodai kipande cha ziada cha HP, kisichoruhusiwa kugawiwa pamoja na mfumo. Dalili ya kukikosa ni kwamba kompyuta inasema kazi imekamilika na karatasi haitoki. Fungua terminali, andika `hp-plugin`, ukubali masharti, kipakuliwe. Kila HPLIP inapopandishwa toleo, kipande hicho hudai kupakuliwa upya, kwa hiyo usipandishe toleo la mfumo siku ambayo chuo kinapokea ripoti za utafiti. Epson L3110 ni nyepesi: `sudo apt install printer-driver-escpr` kwa kuchapa, na programu ya Epson Scan 2 kutoka kwa Epson wenyewe kwa kuskani. Ila wino wa taka ukijaa na taa zikaanza kuwakawaka kwa zamu, zile programu za kurudisha hesabu ambazo mafundi wanazo ni za Windows. Canon LBP2900 iache. Inatumia lugha ya Canon inayoitwa CAPT, na draiva yake ya Linux ilikuwa ya kubahatisha hata ilipokuwa mpya. Ifunge kwenye T480 yenye Windows 11, na mashine nyingine zipeleke kazi kwenye T480 hiyo kama PDF kupitia folda ya pamoja.

Linalobaki ni Word, na hilo ndilo gumu kuliko yote. LibreOffice, mbadala wa bure wa Office, inafungua faili za Word, lakini mteja wako hasamehei mstari mmoja ukihama. Sababu ya kwanza ya kuhama ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft na hazimo ndani ya Linux. Zipo Carlito na Caladea zilizochorwa kwa upana uleule wa herufi, ili mistari ikatike mahali palepale: `sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`. Times New Roman na Arial zenyewe unazipata kwa `ttf-mscorefonts-installer`. Hizo nne zikiwapo, barua nyingi, CV na ripoti za kawaida zinatoka kama zilivyo. Zinazovunjika ni faili zenye visanduku vya maandishi vilivyopangwa kwa mkono, michoro ya SmartArt, jedwali ndani ya jedwali, na zilizoandikwa kwa Aptos, fonti ya kawaida ya Word za karibuni. Weka sheria dukani: kazi ya kuchapa tu, mteja ailete kama PDF, nayo itatoka sawa kwenye mashine yoyote. Kazi ya kurekebisha ripoti ya kurasa mia, ifunguliwe kwenye T480 yenye Word halisi. Photoshop haipo kwa Linux. Picha za pasipoti kwa GIMP, programu ya bure ya picha, zinatoka vizuri, ila aliyezoea Photoshop atalalamika, na malalamiko yake yana haki.

Sasa swali lako la pili. Watu hawa hawagombanii mfumo endeshi wenyewe. Wengi hawajui hata kerneli yao, kiini cha mfumo, inafanyaje kazi, na hawahitaji kujua. Wanatetea vidole vyao. Mtu aliyetumia Mac miaka kumi, kidole gumba chake kinakwenda Command bila kufikiri. Mpe Windows, kila kunakili ni kosa. Fundi anatetea anachoweza kukitengeneza Jumamosi jioni mashine ikigoma, na hilo usilidharau, kwa sababu mfumo ambao hakuna mtu mjini kwako anayeweza kuutengeneza una gharama hata ukiwa bure. Kijana anatetea kitu kingine kabisa. Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991, inatoka kwa leseni ya GPL iliyoletwa na harakati ya Richard Stallman iliyoanza 1983. Leseni hiyo inampa yeyote haki ya kuutumia, kuusoma, kuubadili na kuugawa mfumo. Kwake yeye hilo ni suala la nani ana amri juu ya mashine uliyoinunua kwa fedha yako. Naliheshimu sana. Hapa kwetu lina historia pia: mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kwa kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na hakukuwa na kampuni ya kuombwa ruhusa.

Kampuni zenyewe zilichochea ushabiki zilipouhitaji, zikauacha ulipokuwa hauuzi tena. Agosti 1997 Steve Jobs alisimama mbele ya wapenzi wa Mac mjini Boston akatangaza kwamba Microsoft inaweka dola milioni 150 ndani ya Apple, na ukumbi ukazomea. Walizomea fedha iliyokuja wakati kampuni yao inayumba. Mwaka 2001 Steve Ballmer wa Microsoft aliifananisha Linux na saratani. Mwaka 2014 mrithi wake, Satya Nadella, alitangaza kwamba Microsoft inaipenda Linux, na 2016 Windows 10 ikaanza kuja na sehemu ya kuendeshea programu za Linux ndani yake. Wakubwa walishapatana. Waliobaki wanarushiana maneno ni watumiaji.

Kuna mifano miwili ya Ulaya inayokufaa kuliko hoja yoyote ya hao watatu. Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mapema miaka ya 2000 kuhamia Linux, na kufikia 2013 kompyuta zipatazo 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Siasa zilikuwamo, lakini pia watumishi walilalamika kwa miaka kuhusu nyaraka za kubadilishana na ofisi za nje zilizokuwa zikiharibika mpangilio. Jandameri ya Ufaransa, kikosi cha polisi chenye mfumo wa kijeshi, ilikwenda kwa mpangilio mwingine. Mwaka 2005 iliacha Windows ilipo, ikabadili programu kwanza: OpenOffice badala ya Office, kisha Firefox na Thunderbird. Watu walipozoea, ndipo kuanzia 2008 mfumo wa chini ukaanza kubadilishwa kuwa Ubuntu. Makumi ya maelfu ya mashine zilihama, na hazikurudi. Askari aliyekuwa akiandika ripoti kwa OpenOffice jana aliikuta OpenOffice ileile leo, vidole vyake havikupotea.

Fanya vivyo hivyo. Mwezi huu usibadili mfumo wowote kwenye zile tano. Weka LibreOffice, Firefox na GIMP ndani ya Windows 10 hiyohiyo, zote zipo na ni bure, na wafanyakazi wazitumie kwa kazi za wateja. Weka daftari kaunta, kila faili inayotoka vibaya iandikwe: ilikuwa ya aina gani, fonti gani, nini kilihama. Mwisho wa mwezi daftari litakuambia ni kazi gani lazima zibaki kwenye Word, na kama ni mashine moja ya Windows inayotosha au ni mbili. Zikiwa mbili, nunua nyingine ya kizazi cha nane, na uangalie prosesa kabla ya kulipa.

Wakati huohuo fundi apandishe T480 kwa njia halali niliyoieleza, na umlipe kwa kazi hiyo na kwa kufunga SSD, maana mikono yake unaihitaji. Mwezi huo ukiisha, kijana aanze na T450 moja tu, iliyo karibu na P1102, aifunge Mint, aunganishe printa, na atumie wiki mbili akiwa peke yake kwenye mashine hiyo. Zikipita bila mteja kurudishwa, zifuate T450 mbili, kisha 840 G3, OptiPlex mwisho. Mwambie pia aandike kwa kalamu nywila ya msimamizi ya kila mashine aliyoifunga na akukabidhi wewe, kwa sababu akipata kazi Dodoma bila kuiacha, hutaweza hata kuongeza printa. Mpwa mpe T480 jioni, duka likifungwa.

Na kabla ya bisibisi kugusa mashine yoyote, nakili faili za duka, zile fomu zako, vichwa vya barua na picha za wateja, kwenye diski ya nje, kisha uichomeke diski hiyo kwenye mashine nyingine ufungue faili chache kwa macho yako. Bekapu ambayo hujaifungua mahali pengine usiihesabu.